Kiti cha Kumpandisha Mama

Mlandege, Iringa
Jumapili, 8 Januari 1956

Nimefika jana jioni kwa lori la mizigo kutoka Mbeya. Tulilala njiani kwa sababu ya matope ya Chimala. Mume wangu amenipa ruhusa nikae kwetu mpaka mvua zikatike.

Kaka Mrisho aliniandikia kwamba mama ameteguka kidogo. Mama hakuteguka. Alianguka ngazini mwezi uliopita akavunjika nyonga, na daktari wa serikali amesema kwa umri wake mfupa hautaunga vizuri. Ataweza kukaa, ataweza kusimama akishikwa, ila ngazi asahau.

Nyumba yetu ni ghorofa, aliyoijenga marehemu baba alipokuwa akinunua nta na ngozi. Chini mbele ni duka, nyuma ni stoo ya ngozi. Juu ndiko alikoingia mama akiwa bibi harusi, na ndiko baba alikofia. Walipomtoa hospitali wanaume wanne walimpandisha juu ndani ya shuka, wakamgonga ukutani, na shuka ikafunuka mbele za watu. Tangu hapo amesema hatabebwa tena.

Nilipoingia chumbani nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Chini kuna wateja?"

Jumatatu, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Stoo imeingia maji.

Jumatano, 11 Januari

Nimegombana na kaka. Ameniita dukani akasema amefikiri sana: mama ateremshwe mara moja tu, akae stoo, na juu tupangishe. Kuna karani wa posta anatafuta vyumba na atalipa shilingi sitini kwa mwezi.

Nikamwambia, "Stoo inanuka ngozi, kaka. Na leo ina maji."

"Itapigwa chokaa."

"Umtoe mama kitandani kwake ulaze karani?"

Akasema, "Wewe utarudi Mbeya, Jaha. Mimi ndiye ninayepanda na ndoo kila asubuhi."

Nilimwona kama mtu ambaye moyo wake umeota ukoko.

Jumapili, 15 Januari

Mama hakulala kwa maumivu. Kulipopambazuka aliniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia Mrisho. Haogopi maumivu. Anaogopa kusikia duka lake kupitia sakafuni. Anasikia watu wakiingia, anasikia droo ikifunguliwa, na hajui nani amechukua nini. "Niko kama maiti aliyesahauliwa kuzikwa," alisema. Anataka kushuka kabla ya Ramadhani, akae na wanawake wenzake uani wakati wa kufuturu, kisha apande alale kwake.

Nimemkumbuka Ezekia. Ni Mnyakyusa, rafiki wa mume wangu, alishika winchi katika mgodi mmoja wa dhahabu kule Chunya mpaka mgodi ukafungwa. Kama mashine ile ilipandisha watu kutoka ardhini, kwa nini isimpandishe mama ngazi moja? Nimemwandikia leo.

Jumanne, 24 Januari

Ezekia amekuja. Ni mtu mrefu, mpole, anayesema taratibu kana kwamba kila neno analipima uzito. Alimsalimia mama kwa kupiga goti, akaikagua ngazi, akagonga kila ubao kwa kisigino.

"Inawezekana," alisema. "Tunalaza reli ndogo zile za vigari vya mgodini, upande huu wa ukuta. Kiti kinakaa juu ya magurudumu. Waya unapita kwenye kigurudumu cha roda kule juu. Mtu anazungusha mpini, kiti kinapanda. Kuna ulimi wa chuma unaoshika meno ya gurudumu, mtu akiachia mpini kiti hakirudi nyuma."

Mama akauliza, "Na anayezungusha akitaka kunirudisha?"

"Anaunyanyua ule ulimi, mama, anakuteremsha polepole. Kule mgodini tulikuwa na sheria. Anayeshika mpini hasemi na mtu. Roho ya mwenzako iko mkononi mwako."

Gharama ndiyo imenikata maini. Winchi na waya vinauzwa mgodini shilingi mia tatu kwa kuwa wenyewe wamefunga. Reli tisini. Mbao na boliti hamsini. Lori kutoka Chunya hadi Mbeya na kutoka Mbeya hadi hapa, mvua hizi, themanini. Mkono wake mwenyewe anadai themanini, na najua amepunguza. Jumla mia sita. Mrisho alicheka bila sauti, akarudi dukani.

Alhamisi, 2 Februari

Nimekwenda Bomani. Karani alinisikiliza vizuri. Akasema serikali ina fungu la kusaidia askari wa zamani na wajane wao. Nikamwambia baba alikwenda vita ya Wajerumani na Waingereza, akabeba mizigo mpaka mpakani.

"Alibeba bunduki?"

"Alibeba masanduku ya risasi."

"Basi alikuwa mpagazi," akasema, na akafunga kitabu chake. Hata hasira hakuwa nayo.

Alhamisi, 9 Februari

Hospitali wamesema wana fungu la dawa, hawana fungu la ngazi. Msikitini wamechanga shilingi thelathini na moja, Mungu awalipe, wengine wao hawana hata mwavuli. Nimeuza bangili zangu mbili, tisini. Mama ametoa mkufu wake, nao umekwenda kwa hamsini kwa sababu mnunuzi aliona tuna shida. Mume wangu ameleta arobaini. Bado hatujafika hata nusu.

Ijumaa, 10 Februari

Mvua. Ufa umetokea ukutani karibu na ngazi, mwembamba kama uzi.

Jumanne, 14 Februari

Leo amekuja Ami Selemani. Huyu ndiye aliyekuwa mshirika wa baba katika biashara ya nta; sasa ana malori na maduka, na watu humpisha njia. Tangu matanga ya baba hakuwahi kupanda juu kwetu. Alileta sukari na kanga mbili, akaketi kwenye kiti cha baba.

"Shemeji," alimwambia mama, "nimesikia mnahangaika mlango hadi mlango. Mimi nimekufa? Mwanangu Jaha, ungekuja kwangu kwanza."

Akasema atatoa chote kilichopungua, na lori lake litaleta mashine. Nililia kwa furaha mbele yake.

Nilipomsindikiza chini alisimama katikati ya duka akatazama dari, kisha dirisha, kisha kona ile inayotazama soko. Akamuuliza Mrisho upana wa stoo. Nilidhani anafikiria reli.

Ijumaa, 17 Februari

Ami Selemani amekuja na mashahidi wawili baada ya swala. Anatukopesha mia nne, nyumba iwe rehani mpaka mwisho wa mwaka. "Ni utaratibu tu," alisema, "maana binadamu hufa." Nilimsomea mama neno kwa neno. Akauliza, "Nisipolipa?" Ami akacheka, "Shemeji, nani atakuuliza?"

Mama aliweka dole. Mrisho aliweka sahihi kama shahidi wa nyumba. Mkono wake ulikuwa thabiti kuliko wa mama.

Jumamosi, 25 Februari

Barabara imekatika. Lori limekwama mahali.

Jumanne, 6 Machi

Mashine imefika. Ilipakuliwa na wanaume sita, nyeusi, imejaa grisi na vumbi jekundu la Chunya lililogandia humo. Mama aliomba afunguliwe dirisha aione. Aliitazama, kisha akasema, "Ni kubwa kuliko nilivyokuwa nikiiota."

Jumamosi, 10 Machi

Ezekia na mimi tulitaka mpini uwe juu, ili mimi mwenyewe niwe nazungusha nikiwa karibu na mama. Ami Selemani alikataa. Alisema sakafu ya mbao haibebi uzito ule, winchi ifungwe chini kwenye saruji. Ezekia alikubali kwamba hilo lina ukweli. Lakini jioni, akinawa mikono uani, aliniambia, "Dada Jaha, yule mzee anapenda sana kujua mashine hii inazuiwaje. Mara tatu ameniuliza. Hakuna hata mara moja aliyoniuliza kama ni salama."

Ijumaa, 16 Machi

Mama ameshuka.

Naandika hivyo tu kwanza, kwa sababu ni siku yangu ya furaha. Ezekia aliupandisha na kuuteremsha mfuko wa chumvi mara kadhaa mpaka akaridhika. Tukamkalisha mama, nikamfunga kanga kiunoni na kwenye kiti. Alifumba macho njia nzima. Magurudumu yalilia, waya ukanesa, na akafika. Wanawake walipiga vigelegele. Alikwenda dukani akiegemea bega langu, akakaa nyuma ya meza, akamuuzia chumvi mama mmoja wa Kihehe aliyemwamkia "Kamwene" na hakujua kwa nini mwenye duka analia.

Kisha alifungua makabati. Rafu za nguo zilikuwa zimejazwa mbele tu. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Mrisho," alisema, "marobota yako wapi?"

"Biashara mbaya, mama. Tutaongea."

Ezekia ameondoka na lori la alasiri. "Ndaga fijo," alimwambia mama akimshukuru kwa chakula. Kwangu alisema nikihitaji kitu nimpelekee habari Mbeya.

Jumatatu, 19 Machi

Mama alitaka kushuka. Mpini haukuwepo kwenye mashine. Mrisho aliporudi jioni alisema ameutoa kwa usalama, watoto wa jirani wanachezea. Yeye alikuwa ametoka. Mama alishinda juu.

Alhamisi, 22 Machi

Mpini haupo. Mrisho anatembea nao, umefungwa kwenye gunia kama mkia wa nyoka.

Jumanne, 27 Machi

Masanduku manane yameletwa na lori la Ami Selemani yakapangwa stoo. Stoo imepigwa chokaa na mfereji umechimbwa nje. Haiingii maji tena. Nilimuuliza kaka ni ya nani.

"Ya Ami. Ananipa lori, Jaha. Nitakuwa napeleka tumbaku kutoka Chunya. Mpaka lini nitakuwa muuza chumvi wa mama yangu?"

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nije. Amekonda. Mwezi wa Januari nilimwona mwenye moyo mgumu. Leo nilimwona mtu anayeogopa, na nikatamani ule moyo mgumu urudi.

Mama anasema usiku anasikia watu wakipima kwa hatua huko chini.

Jumatatu, 2 Aprili

Barua ya mume wangu: amesikia mama amepona, na kwamba mimi ndiye nisiyetaka kurudi. Nani amemwambia? Anataka niwe Mbeya kabla ya Ramadhani. Mama aliponiona nimeshika barua alijua. Akasema, "Wakikuondoa wewe, mimi nitakuwa kama mzigo juu ya dari."

Nimemjibu mume wangu ukweli wote. Na Ezekia nimempelekea habari.

Ijumaa, 6 Aprili

Nitaandika yote leo leo, kabla hayajageuka kuwa maneno ya watu.

Baada ya chakula cha mchana Mrisho alikuja na mpini, mnyenyekevu, akamwambia mama, "Shuka upunge hewa." Mama alifurahi. Alishushwa, akakaa uani kidogo kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika. Mimi nikaenda sokoni kununua mafuta ya taa. Nilipokuwa huko mvua ikanyesha upya, kali, nikajibanza barazani kwa watu. Moyo ukanikataa. Nikatoka nikakimbia ndani ya maji yale yale.

Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Nikazunguka nyuma.

Mama alikuwa kwenye kiti, katikati ya ngazi. Hakuwa juu wala chini. Kiti kimesimama kimeinama kidogo upande wa wazi, kanga imemkaza, mikono yake imeshika mbao mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Chini kwenye winchi alikuwa Mrisho, ameshika mpini kwa mikono miwili. Ami Selemani amesimama kwenye ngazi ya tatu, karatasi mkononi na kidau cha wino.

Ami hakushtuka kuniona. "Karibu, mwanangu," alisema. "Afadhali umekuja, utamsomea. Mimi sifichi. Ni karatasi ya kuuza. Nampa mama yako elfu mbili, deni limefutwa, na stoo atakaa bure mpaka Mungu atakapomwita. Nani mwingine atampa hivyo?"

Nikasema, "Mpandishe kwanza juu."

"Aweke dole, atapanda."

"Kaka," nikasema. "Kaka Mrisho, zungusha."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama ule ulimi wa chuma kwenye meno ya gurudumu, jasho linamtoka puani. "Mama," alisema, "weka dole tu. Ni kidole kimoja. Nimechoka mimi."

Nilimrukia nikashika mpini. Alinisukuma kwa bega, si kwa nguvu nyingi, lakini gurudumu lilishtuka, ulimi ukaruka jino moja, kiti kikashuka ghafla kama shubiri mbili na kikakamata. Mama alipiga ukelele mmoja mfupi. Sote tuliganda. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Hapo nikaelewa kwamba nikipigania mpini nitamuua mimi.

Mama alifumbua macho. Akanitazama, akamtazama Ami, mwishowe akamtazama mwanawe. Kisha akaanza kufungua fundo la kanga.

"Shemeji, utaanguka," Ami alisema.

"Kama nikianguka," mama alijibu, "utawaambia watu nilianguka nikikimbia nini?"

Fundo likafunguka. Alijivuta kutoka kwenye kiti mpaka kwenye ubao wa ngazi, upande uliobaki bila reli, na akakaa. Nilisikia kitu kikilia katika nyonga yake. Nikapanda kumfuata, akanionyesha kiganja: nisimguse. Akashuka kwa makalio. Ubao mmoja. Akapumua. Ubao mwingine. Kama mtoto anayejifunza, ila uso wake ulikuwa wa majivu na midomo anaing'ata. Ami Selemani alikuwa amesimama katikati ya njia yake. Mama alifika miguuni pake akasubiri. Hakumwomba apishe. Alikaa tu pale, kichwa kikiwa sawa na magoti yake, mpaka yule mzee akajibana ukutani na karatasi yake, mama akapita.

Alipofika chini aliniambia, "Sasa nishike. Nipeleke mbele. Fungua mlango wa duka."

Nikafungua. Watu walikuwa wamejikinga mvua barazani, kama kumi hivi, waliosikia ule ukelele. Mama akakaa nyuma ya meza yake, nguo zimelowa mkojo na haoni haya. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Poleni na mvua. Selemani yuko ndani, amekuja kununua nyumba yangu nikiwa nimening'inia. Mpisheni atoke."

Wakampisha. Alitoka na mwavuli wake mkononi, na hakuufungua.

Mrisho alitoka kwa mlango wa nyuma. Mpini ameuacha kwenye mashine.

Jumatatu, 9 Aprili

Mama ana homa. Mguu umevimba mpaka gotini. Daktari amekuja, akatikisa kichwa, akaacha vidonge. Amelala stoo, ile chokaa ya Ami imetusaidia sisi. Masanduku yake tumeyatoa barazani, lori limeyachukua bila salamu.

Jumatano, 11 Aprili

Ezekia na mume wangu wamefika kwa lori moja. Mume wangu aliingia kwa mama akakaa sakafuni. Nje aliniambia, "Kaa mpaka atengemae." Nimemsamehe nusu.

Ezekia alizunguka mashine, akagusa lile jino lililolika. Alisema kwa uchungu, "Nilijaribu kwa mfuko wa chumvi. Sikujaribu kwa watu." Mtu mmoja alikuja kutoka kwa Ami kusema mashine ni mali yao. Mama, katika homa yake, alijibu, "Deni ni langu, kwa hiyo na mashine ni yangu. Ezekia, ifungue ukaiuze."

Ijumaa, 13 Aprili

Ramadhani imeingia. Mama hawezi kufunga, analia kwa hilo tu.

Jumatatu, 16 Aprili

Karani wa posta amehamia juu. Analipa sitini kwa mwezi, na zote zitakwenda kwa Ami mpaka rehani iondoke. Ni shauri lile lile la Mrisho la mwezi wa Januari, ambalo nililiona ukatili. Nimekaa nalo leo kutwa nzima. Lingefanyika siku ile, mama angelia wiki moja na tungekuwa na bangili zetu na kaka yetu.

Karani ana viatu vizito. Mama anamsikiliza akitembea katika chumba kilichokuwa chake.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua zinakatika. Homa imepungua. Amekaa dukani saa moja. Kila anayeingia humwambia wazi kiti kiligharimu kiasi gani na nani alikilipia. Ami Selemani siku hizi hapiti kona yetu.

Jumamosi, 21 Aprili

Tulikuwa tunafuturu uani, mama, mimi na majirani wawili, Mrisho alipotokea kwenye ua. Hatukuwa tumemwona tangu siku ile. Alikuwa na nguo zile zile. Lori hakupewa. Majirani waliacha kula. Alisimama pale, hakusalimia, wala hakuomba kitu.

Mama alimimina uji kwenye bakuli, akauweka kwenye jamvi mbele ya nafasi iliyokuwa wazi. Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya safari, "Siku ile, mkono ulichoka?"

Nilijua anampa mlango wa kutokea. Ilikuwa aseme ndiyo tu.

Mrisho alitazama mikono yake. "Haukuchoka, mama."

"Haya," mama alisema. "Kaa ule."

Akakaa, akala. Alipomaliza aliosha bakuli mwenyewe, akaliegemeza ukutani, akasema atalala barazani kama si vibaya. Mama akaninyooshea mkono nimwinue.

Nilipomsaidia mama kuingia kitandani aliniambia nifunge mlango wa nyuma kwa komeo, na wa duka pia.

"Na Mrisho?" nikauliza.

"Amekula," alisema, akageukia ukuta.

Nikafunga yote miwili.